Theluji ya Lesotho na watoto wadogo

Dada yangu, umeuliza kama wanao wa miaka 4 na 7 wataweza kuteleza thelujini huko Afriski, kituo cha michezo ya theluji milimani Lesotho, likizo ya Juni. Wa miaka 7 ataweza. Wa miaka 4 mwache acheze tu na theluji, au afundishwe kidogo asubuhi, akichoka apumzike.

Usiidharau baridi ile ukadhani ni kama kipupwe cha Dodoma. Pale ni juu ya mita 3,000 kutoka usawa wa bahari, na sisi hapa tuko kama mita 1,100; hewa ya huko ni nyepesi, kwa hiyo siku ya kwanza wapumzike na wanywe maji sana. Mtoto akiumwa kichwa na kutapika, mteremshe mpaka sehemu ya chini zaidi ya mlima.

Majaketi tafuta mitumbani soko la Sabasaba, mazuri yapo. Ila nguo ya ndani isiwe pamba: ikiloa jasho, haikauki. Glovu nunua jozi mbili kwa kila mtoto. Wangu alivua moja ashike theluji, ikalowa. Vidole vikawa vyekundu, akalia hadi nikamwingiza mikono kwapani mwangu.

Miwani ya jua msisahau, theluji inaakisi jua vikali. Mabuti, skii (zile mbao za kutelezea) na kofia ngumu mtakodi hukohuko.