Kaza mnyororo kwanza, ndipo uchape ng'ombe

Mbukwenyi wasomaji. Mwezi huu nimejibu barua tatu tu, na ya kwanza imekula karibu ukurasa wote kwa sababu imekuja na picha. Mimi mbele ya picha ya gia iliyong'oka meno siwezi kujizuia.

SWALI: Shikamoo mzee fundi. Nina Impreza WRX ya mwaka 2002, turbo, gia tano, ya klachi. Nimeipandisha presha ya turbo na sasa inakimbia kweli kweli. Tatizo ni giaboksi. Ya kwanza ilikufa gia ya tatu. Nikaagiza nyingine ya mtumba Dar es Salaam, ikaja na basi ndani ya kiroba, ikadumu mbio nne. Wenzangu wananiambia giaboksi za Subaru ni za kioo. Mbio zetu ni za mita 400, tunakimbilia kwenye kiwanja cha lami cha mtu binafsi, si barabarani. Nachomoka na raundi 6,000, naachia klachi yote kwa mpigo. Nimefunga klachi ngumu ya vidonge sita ili isiteleze. Je, nitafute giaboksi ya gia sita ya STI, ile Impreza kali zaidi, au kuna namna ya kuishi na hii ya kiwandani? Nimeambatanisha picha. – Kijana wa Nkuhungu, Dodoma

JIBU: Marahaba mwanangu. Hilo la kiwanja cha mtu binafsi nimelipokea kama ulivyolisema. Ila mimi nalala Kizota, na Jumamosi usiku masikio yangu bado yanafanya kazi. Kama hicho kiwanja chenu jina lake jingine ni barabara ya mzunguko, wanakopita madereva wa malori waliotoka Dar es Salaam alfajiri, basi ruka hapa usome barua ya pili.

Sasa picha. Ile ya pili umeipiga karibu, juani, na jino lililokatika linaonekana hadi tumboni. Gia ikifa kwa uchovu, yaani ufa uliokua kidogo kidogo kwa miezi, mahali ilipokatikia huwa na mistari laini iliyopindana, kama mchanga wa korongo maji yakishapungua. Kipande kidogo cha mwisho ndicho hubaki na chengachenga. Yako ni chengachenga kuanzia juu hadi chini, inang'aa kama chumvi ya mawe. Chuma hicho hakikuchoka, kilipigwa. Na meno matatu yameondoka yakiwa jirani, huku yaliyobaki yakiwa mazima kabisa, hata alama ya kulika hayana.

Kwa hiyo usiilaumu sana presha ya turbo. Tuseme injini yako sasa inatoa msokoto wa nyutoni mita 350. Gia ya kwanza ya giaboksi hiyo inazidisha mara 3.45 hivi, unapata kama 1,200 kabla hata ya kufika kwenye difu, zile gia za mwisho zinazogawa nguvu kwa magurudumu. Ni mzigo mkubwa, lakini ukija taratibu giaboksi inaubeba. Unapoachia klachi kwa mpigo kwenye raundi 6,000, kinachopiga meno ni zaidi ya msukumo wa injini. Ni flaiwili, lile gurudumu zito la nyuma ya injini, na kranki, shafti kuu ya injini, ambazo tayari zinazunguka, ghafla zimeshikwa na shafti iliyosimama. Hiyo ni nyundo. Na nyundo hiyo haiishii kwenye 350. Inapanda hadi pale klachi itakapokubali kuteleza. Klachi ya kiwandani inateleza mapema, inanuka, unalalamika, lakini giaboksi imepona. Ile yako ya vidonge sita haitelezi. Umetoa fyuzi ukaweka msumari.

Nakuambia hivi kwa sababu msumari huo niliwahi kuuweka mwenyewe. Nimeanza kazi hii nikiwa spana boi mwaka 1983, lakini miaka haizuii ujinga. Ililetwa kwangu Forester ya turbo, klachi imekwisha, mwenyewe anapenda kukimbia. Nikamfungia klachi ngumu kuliko zote nilizozipata, nikamsindikiza hadi getini kwa majivuno. Siku ya tatu gari likarudi kwa kamba. Nilipofungua boliti ya kumwagia oili, kwenye ile sumaku yake kulikuwa na jino zima, limekaa limetulia kama jino la mtoto mkononi mwa mama. Nilimrudishia yule bwana nusu ya fedha yake. Mpaka leo tukikutana soko la Majengo ananiita Mzee Kioo.

Na tukija kwenye hicho kioo, wenzako hawajakosea sana. Giaboksi ya gia tano ina milimita 75 tu kati ya shafti na shafti. Ile ya gia sita ina 85. Milimita kumi ni kidogo kwa macho, lakini kwa meno ni unene. Pia bodi ya hiyo ya gia tano imegawanyika katikati kwa urefu, nusu ya kushoto na nusu ya kulia, kama ganda la karanga. Meno ya gia yamekatwa kimshazari ili yasipige kelele, na meno ya namna hiyo yakibanwa sana husukuma shafti zake pembeni na kuzitenganisha. Bodi ikipanuka hata unywele, jino halishiki tena kwa upana wake wote, linashika kwa ncha. Hapo ndipo linapokatika. Ongeza kwamba gari lako linavuta kwa magurudumu manne. Mwenye gari la kuvuta nyuma tu, tairi zake huteleza zikatoa moshi, na moshi ule ndio uokovu wa giaboksi yake. Wewe tairi haziteleziki, klachi haitelezi. Kitateleza nini?

Kwetu Ugogoni anayejua kuendesha mkokoteni wa ng'ombe hamchapi ng'ombe mnyororo ukiwa umelala chini. Akishtuka akaruka, atakata mnyororo au atavunja nira. Anamwita kwanza, ng'ombe anasogea hatua moja, mnyororo unakaza, mkokoteni unalia kidogo. Hapo sasa fimbo.

Gari lako lina mnyororo uliolala mahali pengi kuliko unavyodhani: uwazi kati ya meno, vijino vya shafti, joinit za ekseli, propela shafti, difu, na raba za mauntini zilizochoka. Kila uwazi ni mahali pa chuma kukimbia kabla ya kugonga. Kwa hiyo kabla ya mbio inua klachi polepole mpaka uone boneti inanyanyuka kidogo na gari linataka kwenda. Breki iachie wakati huo huo, usiling'ang'anize. Sasa mnyororo umekaza. Kutoka hapo malizia kuachia kwa muda wa kama sekunde moja, huku ukizidisha mafuta.

Raundi 6,000 zisahau. Anza na 3,000, ukizoea nenda 3,500. Nguvu iliyolala kwenye flaiwili haipungui kwa kulingana na raundi. Ukizigawa raundi mara mbili, nguvu hiyo inabaki robo. Najua utaniambia turbo haiamki chini ya hapo. Kweli, na hapa kwetu ni mbaya zaidi, tuko kama mita 1,100 juu ya usawa wa bahari na hewa imepungua uzito kwa karibu sehemu moja ya kumi ukilinganisha na pwani. Kijana wa Dodoma anafidia hewa kwa raundi. Badala yake fidia kwa kuteleza kwa klachi. Sekunde hiyo moja turbo inaamka yenyewe, na wakati huo gari lako tayari limeanza kutembea.

Ndiyo, klachi itakwisha mapema. Rudisha ya kitambaa, ya kiwandani au ngumu kidogo kuliko hiyo, na ukubali kwamba ni kitu cha kubadilisha kama tairi. Sahani ya klachi na giaboksi havifanani bei hata kidogo, na klachi haiji ndani ya kiroba ikiwa na historia usiyoijua. Marekani wapo wanaokimbia mita 400 na giaboksi za kiwandani kwenye magari yenye nguvu kuliko lako, na siri ya baadhi yao ni kitu kama shokapu ndogo kwenye pedali ya klachi: mguu ukiondoka ghafla, pedali inapanda haraka mpaka pale klachi inapoanza kushika, kisha inamalizia polepole. Fundi mwenye subira anaweza kukutengenezea. Mguu wenye subira ni bure.

Gia yako ya tatu, ile ya giaboksi ya kwanza, haikufa wakati wa kuchomoka. Ilikufa ulipotoka ya pili kwenda ya tatu mguu wa mafuta ukiwa umebaki sakafuni. Umeandika "naingiza bila kuachia mafuta" nyuma ya picha, ukadhani sitageuza. Wakati klachi imekanyagwa injini inaruka juu, na unapoiachia, nyundo ile ile inarudi safari hii turbo ikiwa imejaa. Inua mguu wa mafuta nusu, klachi hadi chini, ingiza, achia. Utapoteza sekunde ndogo sana. Na aliyekuwekea programu ya injini mwambie ashushe presha kwenye gia ya kwanza hadi ya tatu, akuachie presha yako yote kwenye ya nne. Ya nne karibu haizidishi kitu, haina hatari kama hizo nyingine.

Upepo wa tairi usishushe ili zishike zaidi. Usukani uwe umenyooka. Na ukisikia nyuma inadundadunda, dugudugu-dugudugu, ondoa mguu hapo hapo hata kama unaongoza. Ule mdundo ni tairi inashika na kuachia mara nyingi kwa sekunde, na kila kushika ni pigo. Raba za mauntini ya giaboksi na bushi za difu ya nyuma zikiwa ngumu, mdundo unapungua sana. Anzia huko kabla ya kununua kitu kingine chochote.

Kuhusu gia sita: ni nzuri, na kama fedha ipo sitakuzuia. Lakini hununui giaboksi peke yake. Utahitaji difu yake ya nyuma, propela shafti yake na klachi yake, na oili inakula lita 4.1 badala ya 3.5. Na hata ukinunua tena ya gia tano, kwenye nyingi ya giaboksi hizi uwiano wa difu ya nyuma lazima ulingane na wa mbele uliomo ndani ya giaboksi. Subaru hizi zipo za 3.90, 4.11 na 4.44, na muuza mtumba atakuambia "zote sawa bosi". Inua gari, weka alama ya chaki kwenye propela shafti, mtu azungushe magurudumu yote mawili ya nyuma pamoja mara 10, wewe hesabu propela. Ukipata 39, 41 au 44, umejua uwiano wa difu yako. Zisipolingana, difu ya katikati itapika oili kabla hujafika Kibaigwa.

SWALI: Mwanangu anaendesha Mark II Grande yangu ya otomatiki. Nimemwona anaweka N, anakanyaga mafuta mpaka injini inalia, kisha anarusha kwenye D gari linaruka. Anasema haina madhara. – Mama wa Singida

JIBU: Dada, mnyang'anye ufunguo. Otomatiki kwa kawaida ni mpole, kwa sababu kati ya injini na giaboksi kuna chombo kilichojaa oili kinachopokea kishindo. Lakini akirusha kutoka N, klachi ndogo za ndani ndizo zinazoikamata injini iliyoshapanda, na hizo ni nyembamba kama kadi. Chomoa dipu ya oili ya giaboksi, injini ikiwa ya moto na inanguruma kwenye P. Oili ikiwa nyekundu, bado una bahati. Ikiwa ya kahawia na inanuka kama kitu kilichoungua, ameshaanza kukula mtaji. Akitaka lazima kuchomoka, aweke D, akanyage breki, apandishe mafuta kidogo kwa sekunde chache mno, kisha aachie breki. Ila kwenye gari la mama yake hata hilo asifanye.

SWALI: Haisi yangu giaboksi inavuma. Dereva mwenzangu ananishauri niweke oili nzito ya 140, eti inaimarisha meno. – Dereva, Kondoa

JIBU: Inaimarisha ukimya tu. Oili nzito huficha mvumo wa beringi kama blanketi linavyoficha kikohozi, na asubuhi za Juni na Julai gia zitakuwa zinagoma kuingia mpaka ipate moto. Weka uzito ulioandikwa kwenye kitabu cha gari. Kabla ya hapo mwaga oili ya sasa kwenye beseni safi, chovya kidole, paka kwenye karatasi nyeupe, itazame juani. Ukiona vumbi la njano ni sinkronaiza, zile pete zinazosawazisha mwendo wa gia kabla hazijaingia, zinalika, unaweza kuendelea nazo kwa muda. Ukiona vipande vya kijivu unavyoweza kuvihisi kwa kucha, usiende tena safari ya Babati. Lete gari.