Bodaboda au bajaji Mwanza: anza na mlima
Anayeanza kazi ya kubeba abiria mara nyingi hupiga hesabu ya nauli za abiria watatu, akaona bajaji ndiyo mpango. Anza na mlima kwanza. Bajaji ya cc 200 inatoa kama nguvu farasi 10, na ikiwa tupu ina uzito wa kilo 350 hivi. Wakae dereva na abiria watatu, unakaribia kilo 630. Pikipiki ya cc 150 ina nguvu farasi kama 12, na ikibeba dereva na abiria mmoja haifiki kilo 270. Isitoshe, Ziwa Victoria lenyewe liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi, kwa hiyo injini imeshapoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu kabla hujaanza kupanda. Kwa lami ya kwenda Igoma au Nyegezi, bajaji inalipa. Kwa vichochoro vya mawe vya Mabatini na Isamilo, chukua pikipiki.

Ukipanda mlima wa Bugando na bajaji iliyojaa, shusha gia ukiwa bado chini, usisubiri injini ianze kugugumia. Ukilazimika kusimama katikati, vuta breki ya mkono. Wengi huishikilia bajaji kwa nusu klachi, yaani klachi iliyoachiwa nusu tu, na hapo ndipo pleti za klachi zinapoungua: utasikia injini inanguruma na chombo hakiongezi mwendo. Kila asubuhi pima waya wa klachi. Mkono wake uwe na uchezaji wa milimita 2 hadi 3 kabla haujaanza kuvuta. Ukikaza zaidi, klachi haifungi vizuri na inajila yenyewe.

Kuteremka, frii (kuachia chombo kishuke bila gia) ni marufuku, hata kama petroli imepanda bei. Tumia gia uliyopandia. Breki zikishikwa mfululizo hupata moto, kisha unakanyaga na chombo hakisimami.

Kona ndiyo inayowaangusha waliotoka kwenye pikipiki. Pikipiki unailaza, bajaji hailali. Ina gurudumu moja mbele, kwa hiyo imekaa kama pembetatu yenye ncha mbele. Ukikanyaga breki ukiwa ndani ya kona, uzito unakimbilia kwenye ile ncha, na gurudumu la nyuma la upande wa ndani linanyanyuka. Maliza breki ukiwa bado umenyooka, ndipo ukate. Abiria akiwa mmoja, mwombe akae katikati.

Mashimo nayo yana hesabu yake. Pikipiki inapita mstari mmoja na ina rimu za inchi 17. Bajaji inapita mistari mitatu na ina rimu za inchi 8 tu: gurudumu la mbele likikwepa shimo, la nyuma linatumbukia, na aliye kiti cha nyuma ndiye anayelisikia kiunoni.

Pamoja na hayo, abiria anapenda bajaji, na ana haki. Kuna kivuli, masika hayamlowanishi, na mama mwenye ndoo ya dagaa anapata pa kuiweka. Ila mchana upepo wa ziwa ukianza kuvuma, turubai linageuka tanga. Kwenye daraja la Kigongo–Busisi, kama kilomita 3 juu ya maji, kunja turubai pande zote mbili upepo upite, na punguza mwendo.

Pikipiki inadai cheni: iache icheze sentimita 2.5 hadi 3, kwani ikikazwa sana inakula sproketi (gurudumu la meno linalovutwa na cheni) na beringi. Bajaji haina cheni, lakini kagua mipira inayofunika maungio ya shafti zinazozungusha magurudumu ya nyuma. Ikichanika, mchanga unaingia kwenye grisi na maungio yanaisha upesi.

Ukinunua iliyotumika, usikubali kuijaribu tambarare. Pakia watu watatu, panda nayo mlima utakaoufanyia kazi, simama katikati, kisha uondoke. Ikinuka klachi, au injini ikipiga kelele bila kusogea, bei ishuke kwa gharama ya pleti na fundi.