Vyeti vya seva: visimamie kutoka sehemu moja, vipime kutoka nje

Ukikabidhiwa seva za tovuti, usianze kuuliza vyeti vyake (faili zinazothibitisha kwa kivinjari kwamba kimefika kwenye seva halali) vinaisha lini. Uliza viko wapi na nani aliviweka. Mara nyingi utakuta kimoja kwenye seva ya wavuti, kingine kwenye seva ya barua pepe, na nakala ya ufunguo wa siri unaoambatana na cheti kwenye kompyuta ya mtu aliyeshaacha kazi. Usitegemee kumbukumbu za wenzako. Vyeti vinavyokubaliwa na vivinjari huandikwa kwenye daftari za umma, ingia crt.sh, andika kikoa cha ofisi, na utaona hadi cheti cha mfumo wa majaribio uliosahaulika.

Zamani kikumbusho kwenye kalenda kilitosha. Tangu Septemba 2020 cheti kiliruhusiwa kudumu siku 398. Kuanzia 15 Machi 2026 ukomo ni siku 200, Machi 2027 ni 100, na Machi 2029 ni 47. Vya Let's Encrypt, watoaji wa vyeti vya bure, kwa kawaida hudumu siku 90, na tangu Juni 2025 hawakutumii tena barua pepe ya kukukumbusha. Kuhuisha vyeti sasa ni kazi ya mashine, kupitia ACME (itifaki ya kuomba na kupokea cheti bila mkono wa mtu), na mashine yenyewe iwe moja inayojulikana na wote.

Sasa mashine hiyo itathibitishaje kwamba kikoa ni chenu, wakati tovuti iko kwenye seva nyingine? Njia ya HTTP inataka faili lisomeke kwenye tovuti ileile kupitia pota 80. Njia ya DNS, yaani mfumo unaoelekeza majina ya vikoa, inataka rekodi ya TXT (ya maandishi) tu, kwenye jina linaloanza na _acme-challenge, hivyo unaifanya ukiwa popote, na kwa cheti cha nyota (cha majina ya chini ya kikoa, kama *.mfano.co.tz) ndiyo njia pekee. Tatizo ni kwamba skripti inahitaji ufunguo wa API ya DNS (nenosiri linaloruhusu programu kubadilisha rekodi), na atakayeupata anaweza kuhamisha tovuti yenu yote pamoja na barua pepe. Mimi hupendelea CNAME, rekodi inayoelekeza jina moja kwenye jina jingine. Tuseme mna duka.mfano.co.tz: jina _acme-challenge.duka.mfano.co.tz linaelekezwa mara moja kwenye kanda ndogo ya DNS iliyotengwa kwa kazi hii, na skripti inaruhusiwa kuandika humo tu. Ufunguo ukiibwa, mwizi anaweza kujipatia cheti, ndiyo, lakini rekodi zenu nyingine hazigusi. Na hata kama msajili wenu hana API, kazi inaendelea.

Kwa walio kwenye Windows, IIS (seva ya wavuti ya Microsoft) tangu toleo la 8 ina hifadhi ya pamoja: folda ya mtandao yenye faili za .pfx (cheti pamoja na ufunguo wake), ambazo IIS huzitafuta kwa jina. Duka letu linataka duka.mfano.co.tz.pfx, cha nyota huitwa _.mfano.co.tz.pfx. Kosea herufi moja, halionekani. Akaunti inayosoma folda hiyo isiwe na haki ya kuandika.

Linalowachanganya wageni wengi ni hili: faili jipya kwenye diski halimaanishi mteja anapewa cheti kipya. Nginx, programu ya seva ya wavuti, huendelea kutoa cha zamani kilicho kwenye kumbukumbu hadi uiambie isome upya. Kwa hiyo usipime folda. Pima kutoka nje, kila siku, kwa jina, kwa amri hii inayoonyesha tarehe ya cheti kuisha:

echo | openssl s_client -connect duka.mfano.co.tz:443 -servername duka.mfano.co.tz | openssl x509 -noout -enddate

Ukiambiwa "kwangu inafunguka, kwenye simu inakataa", angalia kwanza cheti cha kati, kile kinachounganisha cheti chenu na mamlaka inayoaminiwa. Chrome ya kompyuta huweza kukitafuta yenyewe kikikosekana. Programu nyingi za Android hazifanyi hivyo. Seva itume mnyororo wote.

Halafu kuna anwani zisizofunguliwa na binadamu, kama ile inayopokea taarifa za malipo ya simu. Cheti chake kikiisha hakuna mteja atakayeona onyo. Mfumo wa upande wa pili unakataa kuunganisha, malipo yanapita, na oda zinabaki "hazijalipwa". Anwani za aina hiyo ziweke juu kabisa kwenye orodha ya kupimwa. Ukurasa wa mbele ukianguka, bosi atakupigia mwenyewe.