Mahekalu ya Kichina ukutani: ya kujua kabla hujaenda kwa fundi fremu

Huku Dar es Salaam ukisema unataka picha ya Kichina sebuleni, watu wanafikiria zile zenye maporomoko ya maji na taa ndani yake. Mimi nazungumzia picha za zamani zilizochapwa, za mahekalu na minara ya Uchina. Kwangu zipo tatu. Mama alipoziona mara ya kwanza aliuliza kama tumebadili dini.

Kabla ya kuwaza fremu, jua jengo lililochorwa ni lipi na aliyelichora alikuwa nani. Picha isiyojulikana inabaki kuwa pambo tu. Chukua mnara wa kaure wa Nanjing. Mholanzi Johan Nieuhof aliuona miaka ya 1650 akiwa kwenye msafara wa kibalozi, na kitabu chake kikachapwa Amsterdam mwaka 1665. Mnara ulikuwa na ghorofa tisa, lakini kwenye picha yake zipo kumi! Wape watoto kazi ya kuhesabu. Mnara wenyewe uliangushwa mwaka 1856, wakati wa vita vya Taiping, yaani uasi dhidi ya utawala wa kifalme. Hali kadhalika ule ukumbi wa duara wa Hekalu la Mbinguni, Beijing: uliungua kwa radi mwaka 1889 ukajengwa upya, kwa hiyo picha iliyopigwa kabla ya hapo inaonyesha jengo ambalo watalii wa leo hawalioni.

Sokoni utakutana sana na Thomas Allom, Mwingereza. Michoro yake ya mwaka 1843 inapendeza mno, lakini mwenyewe hakuwahi kukanyaga Uchina. Alichora kwa kutegemea michoro ya wengine. Sisemi usimtundike. Mimi ningemweka koridoni.

Sebule nimempa Liang Sicheng, msanifu majengo wa Kichina. Yeye na mkewe, Lin Huiyin, walizunguka kaskazini mwa Uchina miaka ya 1930 wakipima mahekalu ya mbao ambayo watu walishayasahau. Mwaka 1937 walifika hekalu la Foguang, mkoani Shanxi. Walipanda hadi kwenye dari lililojaa popo na vumbi, na Lin ndiye aliyeona maandishi ya wino yaliyofifia chini ya boriti. Jina lililoandikwa pale lilikuwemo pia kwenye nguzo ya mawe uani, yenye tarehe ya mwaka 857, na hivyo ndivyo walivyojua umri wa hekalu. Michoro ya Liang ni ya wino mweusi, imekata jengo katikati kama papai ili uone ndani: nguzo, kisha dougong, yaani vipande vya mbao vilivyopachikwa kimoja juu ya kingine bila misumari, kisha paa zito linalotokeza mbali nje ya ukuta. Naweza kuukodolea macho mchoro huo chai ikapoa. Na kwa kuwa ni mweusi kwa mweupe, haugombani na kochi wala pazia.

Fremu iwe nyembamba, nyeusi au ya mbao iliyokolea. Achana na dhahabu na madragoni. Paa lile linajitosheleza. Acha nafasi tupu pana kuzunguka mchoro, sentimita saba au nane. Katikati ya picha pawe kama sentimita 150 kutoka sakafuni. Wengi wetu tunatundika juu mno, utadhani saa ya ukumbi wa mikutano. Na tafadhali, hayo ni majengo ya ibada, usiyapeleke chooni.

Sisi wa pwani adui yetu ni unyevunyevu. Mwambie fundi asibandike picha kwa gundi wala selotepu. Ishikwe kwa vipande vidogo vya karatasi upande wa juu tu, juu ya kadibodi isiyo na asidi, na isigusane na kioo, maana ikigusana ukungu unaanzia hapohapo. Nyuma ya fremu, pembe za chini, weka vipande vya koki, ile ya vizibo vya chupa, ili hewa ipite. Ukuta unaopigwa na mvua usiutumie, wala ule unaochomwa na jua la jioni.

Ukiuziwa picha kwa jina la "ya kale", ichunguze kwa kioo cha kukuzia. Ukiona nukta nukta za rangi zilizojipanga, hiyo ni chapa ya kisasa. Nakala si dhambi, ila usiilipie bei ya ya asili. Kwenye tovuti ya Wellcome Collection ya London unaweza kupakua bure picha ambazo John Thomson alizipiga Uchina kati ya mwaka 1868 na 1872. Kwa ukubwa wa A3 tafuta faili lenye pikseli zipatazo 3,500 kwa 5,000, kisha chapisha kwenye karatasi isiyong'aa. Mimi hata ninayo moja ya asili, lakini inakaa kwenye droo. Iliyo ukutani ni nakala yake.