Ngano ya baridi: yurea iwekwe lini?

SWALI: Nalima ngano ya msimu wa baridi kwa umwagiliaji. Yurea yote (mbolea ya naitrojeni) niliimwaga siku ya kupanda, sasa majani ya chini yanageuka njano. Je, mbolea ilikuwa mbovu?

JIBU: Mbolea haina kosa; wakati ndio uliokosewa. Miche michanga hula naitrojeni kidogo, na inayobaki hugeuka naitreti, aina ya naitrojeni inayoyeyuka majini, ikasombwa na maji chini ya mizizi. Njano ya majani ya chini ni dalili ya upungufu huo wa naitrojeni. (Yangekuwa majani machanga ya juu, tungeshuku upungufu wa salfa.)

Siku ya kupanda, kilo 20 hadi 30 za naitrojeni kwa hekta zinatosha, na yurea isigusane na mbegu: amonia yake huunguza chipukizi. Sehemu kubwa iwekwe baridi ikipungua, shina likikaribia kurefuka. Ng'oa mche, pasua shina kwa wembe. Suke changa likiwa limepanda sentimita 1 juu ya kitako cha shina, weka mbolea, usingoje tena.

Kwa kipimo, kilo 60 za naitrojeni ni kama kilo 130 za yurea. Yurea ikilala juu ya udongo wenye unyevu na mabua, hupotea hewani. Mwagilia milimita 12 hadi 15 ndani ya siku moja au mbili. Zamu yako ya maji iko mbali? Afadhali CAN (mbolea ya kalsiamu amonia naitreti), isiyopotea hewani kwa urahisi kama yurea.