Franjipani si muhogo

Vijiti vyangu saba vya kwanza vya franjipani, ule mti wa maua yenye harufu, nilivipanda kama tunavyopanda muhogo. Nilikata matawi asubuhi, nikayachomeka ardhini mchana wa siku hiyo hiyo, mvua ya mwezi wa kwanza ikinyesha, nikaingia ndani kusonga bukari. Hapa Lubumbashi nani hajui kuchomeka kijiti? Wiki ya tatu nikashika kimoja nikitikise, nione kama kimeshika mizizi. Ganda likabaki mkononi mwangu. Ndani mlikuwa na uji mweusi unaonuka kama viazi vilivyosahauliwa kwenye gunia. Nikashika cha pili, cha tatu. Vyote saba vilikuwa hivyo.

Hiyo ilikuwa 2013. Leo nina miti mingi kuliko nafasi ya lupango, uwanja wa nyumba yangu, na karibu kila wiki mtu hunisimamisha getini kuniuliza, "Mama, yako inachanuaje hivi? Ya kwangu ilioza." Nikimwuliza aliipanda lini, hunijibu: wakati wa mvua. Basi nimeona niandike, nisiendelee kuimba wimbo huo huo getini.

Franjipani kwao ni Meksiko, Amerika ya Kati na visiwa vya Karibi, na mti tuliozoea zaidi hukua porini mahali penye kiangazi kirefu. Ndiyo maana tawi lake ni nene na laini vile: ni kibuyu, limejaza maji yake lenyewe. Kijiti cha muhogo ukikiweka kwenye udongo wenye maji kinafurahi. Cha franjipani kimeshashiba, na kwenye kidonda kibichi ulichokikata, maji ya udongo huingia pamoja na ukungu unaoozesha. Kinaozea ndani huku nje bado ni kijani, na wewe unaendelea kukimwagilia kwa upendo.

Sisi wa Lubumbashi tuna bahati moja: mwaka wetu unaufaa mti huu. Mvua inatuacha mwezi wa nne, kisha ni ukavu hadi mwezi wa kumi, na katikati kuna zile usiku za mwezi wa sita na wa saba ambapo hata mbwa anatafuta jiko. Franjipani hulala wakati huo. Majani yanageuka njano, yanadondoka, unabaki na matawi matupu yenye vidole vinene vinavyoelekea juu. Mwaka wa kwanza niliogopa nikaanza kumwagilia. Papa sentineli wetu, mlinzi wa nyumba, naye aliniambia, "Mama, hii miti ilishakufa, nikate niwashe moto?" Ilikuwa imelala tu. Mti uliolala haunywi, na maji ya mwezi wa saba kwenye udongo wa baridi yaliniua mti mkubwa wa miaka minne, yakaanzia mizizini. Tangu hapo, kuanzia mwezi wa sita sitii maji kabisa kwenye miti iliyo ardhini. Iliyo ndani ya ndoo naipa kikombe kimoja kwa mwezi, nikikumbuka. Ile midogo ya mwaka wa kwanza naisogeza ukutani upande wa jua la jioni, kwa sababu tofali hutunza joto usiku.

Wakati wa kukata matawi, basi, ni mwishoni mwa mwezi wa nane hadi katikati ya mwezi wa tisa, mti ukiwa karibu kuamka lakini haujatoa majani. Chagua tawi lililogeuka kijivu, lenye urefu wa sentimita 30 hadi 40. Tawi la kijani lililokua juzi huoza kirahisi. Kata kwa kisu kilichofutwa na pombe au kupitishwa motoni. Utatoka utomvu mweupe kama maziwa. Usiuguse, na usiuache ufike machoni mwa mtoto. Huu ni ukoo mmoja na loriye-rozi (oleanda) ile ya uani, ukoo wenye sumu nyingi. Mimi uliniwasha mkono siku mbili, na kikwembe nilichovaa siku ile kina madoa ya kahawia mpaka leo, sabuni zote zimeshindwa.

Kisha, hapa ndipo watu wananishangaa, liweke tawi kivulini ulisahau. Wiki mbili, hata tatu. Mimi nayalaza juu ya kabati la jikoni, hayajafunikwa na nailoni wala kitambaa chenye maji. Baada ya siku kama kumi ule mdomo uliokatwa unakuwa mgumu, mkavu, rangi ya udongo, kama sugu ya kisigino. Ukiubonyeza kwa ukucha haubonyei. Hapo ndipo liko tayari. Tawi litakuwa limekunjamana kidogo kama kidole kilichokaa majini, usihofu.

Udongo wetu mwekundu peke yake haufai, unashika maji kama sifongo. Jirani yangu, mtu mwema sana, alinishauri niweke udongo wa kichuguu kwa sababu una rutuba. Ni kweli una rutuba, lakini ndio huo huo tunaofyatulia matofali! Ndani ya ndoo uliganda ukawa tofali lenye mti katikati. Ninachotumia sasa ni beseni mbili za mchanga wa mto, ule wa waashi wenye punje kubwa, kwa beseni moja ya udongo mwekundu, pamoja na konzi za vipande vya makala (mkaa) vinavyobaki chini ya gunia. Ndoo ya rangi ya lita 20 inatosha kwa miaka miwili ya kwanza, mradi uitoboe matundu chini. Nilikuwa natoboa matatu. Sasa natoboa kumi, kwa msumari wa moto.

Chomeka tawi sentimita kumi hivi, lifunge kwenye kijiti kigumu cha pembeni lisitikisike, mwagilia mara moja, halafu ondoka. Kutikisika ni adui asiyesemwa: vimizizi vya kwanza ni vyeupe na vyepesi kama mzizi wa mchicha, upepo wa vumbi wa mwezi wa tisa unavikata vyote. Na kuna mtego mwingine. Tawi litatoa majani madogo, wakati mwingine hata tumba la maua, kabla halijawa na mzizi wowote. Linatumia akiba ya ndani. Mimi nilipiga kelele ya furaha, nikamwaga ndoo ya maji, nikaliua. Tumba likitokea mwaka huo wa kwanza likate, hata kama roho inauma. Maji ya kweli yaanze majani yakifika urefu wa kidole na yakiendelea kukua, na ule mkunjamano wa ganda ukiwa umejaa tena. Kwangu hilo huchukua miezi miwili, mara nyingine mitatu, na mvua kubwa zinakuta mti umeshashika.

Sasa tuje kwenye kukusanya aina, maana huo ndio ugonjwa wenyewe.

Anza na mji wako. Katika lupango za zamani za katikati ya mji, nyumba zilizojengwa mji ukiwa bado unaitwa Élisabethville, kuna franjipani zenye shina nene kuliko paja la mtu mzima. Piga hodi, salimia, ongea na mwenye nyumba au sentineli wake. Sijawahi kunyimwa tawi, isipokuwa na bibi mmoja aliyeniambia huo ni mti wa makaburi na hatagawa msiba. Nilimheshimu. Wako wengi wanaoamini hivyo, na kweli nimeiona makaburini.

Mingi ya hiyo ni *Plumeria rubra*, na usidanganywe na neno hilo la Kilatini linalosema nyekundu: maua yake huwa meupe yenye koo la njano, ya waridi, mekundu, au rangi zote zikichanganyika. Jani lake lina ncha iliyochongoka. *Plumeria obtusa* ina jani la mviringo mbele, la kijani kizito linalong'aa, maua meupe, na haipendi kuvua majani yote hata kiangazi. *Plumeria pudica* utaijua hata gizani kwa kuipapasa: jani lake limebanwa katikati na kupanuka mbele kama kichwa cha swila. Inachanua kuliko zote, ila haina harufu ya kusemwa. Jifunze majani kabla ya maua, kwa sababu muuzaji atakuuzia mti usio na ua, huku akikuonyesha ua kwenye simu.

Nililipia picha za simu mara tatu. Mwekundu ulichanua ukawa mweupe, wa waridi ukawa mweupe, na wa tatu, "wa bluu", sikuwahi kuujua rangi yake kwa sababu mbegu hazikuwa za franjipani kabisa. Zilitoa kitu kama bilinganya. Franjipani ya bluu haipo. Ukiiona, umeona ufundi wa mtu wa kompyuta.

Na hata mbegu za kweli hazikupi ulichokiona. Tunda lake ni refu, hutoka mawili mawili kama pembe za mbuzi, hukaa mtini miezi mingi kabla ya kupasuka, na kila mbegu ina bawa lake. Lakini mtoto hafanani na mama. Nilisia mbegu 14 za mti mwekundu mzuri ajabu, nikasubiri miaka mitatu, wa kwanza kuchanua ukatoa kiua cha waridi iliyopauka, kisichonukia. Ni wangu, naupenda, ila ukitaka aina fulani ibaki ile ile, njia ni tawi, au kubebesha tawi hilo juu ya shina la mti wa kawaida wenye nguvu. Zile aina zenye majina, kama 'Celadine' ya njano na nyeupe inayotungwa mashada kule Hawaii, zimesambaa hivyo, tawi kwa tawi. Na hata Hawaii si kwao: ulipelekwa huko 1860 na daktari Mjerumani, Wilhelm Hillebrand. Hilo hunifariji ninapokosa usingizi kwa sababu ya tawi la mtu.

Matawi ya safari yafunge kwa gazeti kavu. Niliwahi kuletewa matano kutoka Likasi ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri. Kilomita kama 120 tu, lakini basi liliharibika, yakalala njiani, yakafika yametoa jasho na kunata. Yakitoka ng'ambo ya mpaka, dai cheti cha afya ya mimea. Karatasi inachosha, lakini wadudu wa mwenzio ukishawapokea hawarudi kwao.

Lebo nazo! Nilikuwa najivunia aina 19. Majina niliyaandika kwa kalamu ya wino mzito kwenye vipande vya plastiki, jua la mwezi wa kumi likayafuta, kisha siku ya kusafisha uwanja ndoo zikahamishwa. Nilipokaa misimu miwili nikilinganisha ua kwa ua, 19 ikawa 11. Rangi hudanganya: ua lile lile hubadilika kwa joto, kwa jua, na kwa umri wake, likikaribia kudondoka si lile la juzi. Usiupe mti jina jipya kabla hujaona maua yake misimu miwili. Siku hizi nakata utepe wa kopo la soda, nauandika kwa kukwaruza na ncha ya msumari, nauning'iniza kwa waya mwembamba. Haufutiki.

Kuhusu mbolea nina aibu. Nina shamba dogo la mahindi, na urea iliyobaki niliimwaga kwa franjipani. Zilirefuka kama milingoti, majani kama makasia, na maua sufuri. Sasa natoa kijiko kimoja cha mezani cha mbolea ya NPK 10-20-10 kwa ndoo, mwezi wa kumi na mara moja tena mwezi wa kumi na mbili, basi.

Mti mrefu usio na matawi ukate kichwa mwezi wa nane. Kila shada la maua hutoka kwenye ncha na kuifunga ncha hiyo. Chini yake hutoka matawi mapya mawili au matatu. Kwa hiyo mti wenye ncha nyingi ndio wenye maua mengi, na kile kichwa ulichokata ni mti mwingine.

Mvua zikikolea, pindua majani. Ukiona unga wa rangi ya chungwa upande wa chini, ni ugonjwa wa kutu. Chuma majani hayo, yachome, usiyaache chini ya mti, na usimwagilie juu ya majani. Utitiri huja kabla ya mvua, kwenye joto na vumbi. Maji ya nguvu chini ya jani yanatosha. Vidung'ata nawafuta kwa sabuni ya kufulia, halafu nawatafuta sisimizi waliowaleta.

Jioni ya mwezi wa kumi ndiyo saa ya kuitembelea. Harufu hupanda giza likiingia, maana mti unawaita nondo, na ukikaa kimya utawaona wakining'inia hewani mbele ya ua, wakitumbukiza ulimi mrefu kutafuta asali ambayo haimo. Wanatapeliwa, wanahamia ua jingine, wanatapeliwa tena. Nami nikikumbuka mbegu zangu za bluu, siwacheki.

Yule papa sentineli aliyetaka kuwasha moto aliniomba tawi la ule mwekundu mzito, akalipeleka kwake Katuba na kuliweka chini ya kitanda karibu mwezi mzima kwa sababu alilisahau. Lilichanua msimu wa pili. Langu, la mti ule ule, lililokatwa siku ile ile, bado linanionyesha majani.