Ukimsoma Edwin Sutherland, anza na jedwali lake

Wanafunzi wengi wa kriminolojia wanamjua Edwin Sutherland, mwanasosholojia wa Marekani, kwa sentensi moja ya notisi: ndiye aliyeanzisha dhana ya uhalifu wa kola nyeupe, yaani uhalifu wa wenye hadhi katika kazi zao. Sentensi hiyo haikufikishi ukurasa wa pili wa insha. Anza na jedwali lake la makosa ya kampuni kubwa, wasifu utafuata.

Kwanza angalia toleo ulilonalo. Kitabu chake chenye jedwali hilo, White Collar Crime, kilichapishwa 1949 bila majina ya kampuni alizozichunguza. Mchapishaji, Dryden Press, alihofia kushtakiwa kwa kashfa, maana kitabu kiliziita kampuni za kihalifu ilhali kesi zao nyingi hazikupitia mahakama ya jinai. Chuo Kikuu cha Indiana alikofundisha nacho kilitaka majina yaondolewe. Yakaondolewa. Toleo kamili lilichapishwa na Chuo Kikuu cha Yale mwaka 1983, yeye akiwa marehemu tangu 1950. Kwa hiyo ukitaja kampuni kwa jina na chini ukaandika "1949", msimamizi atajua hukukifungua kitabu.

Sasa hesabu. Alichukua orodha mbili za kampuni 200 kubwa za Marekani zisizo za fedha, ya 1929 na ya 1938. Akaondoa huduma za umma, usafirishaji, mawasiliano na mafuta. Zilizomo katika orodha zote mbili zilibaki 68, akaongeza mbili zilizokuwa katika orodha moja tu, zikawa 70. Usilipite hapa haraka: orodha zilitungwa na watu wengine kwa kigezo cha ukubwa, kwa hiyo hakuna wa kumwambia alichagua wabaya tu.

Maamuzi ya mahakama na tume aliyoyapata dhidi ya kampuni hizo ni 980. Kuzuia ushindani 307, kukiuka hataza, alama za biashara na hakimiliki 222, kuwatendea wafanyakazi isivyo haki 158, matangazo ya uongo 97, marejesho haramu ya malipo 66, mengineyo 130. Wastani ni 14 kwa kampuni. Hakuna iliyokosa angalau uamuzi mmoja, na iliyoongoza ilikuwa na 50.

Hapo pana mtego. Namba 158 inajitokeza mara mbili, kwa sababu maamuzi yaliyotoka mahakama za jinai nayo ni 158, yaani asilimia 16. Ya kwanza ni aina ya kosa, ya pili ni chombo kilichoamua. Ukizichanganya, hoja yote inaanguka, kwani uzito wa hoja yake uko kwenye vyombo: mwizi wa kuku anakwenda polisi, kampuni inapelekwa kwenye tume na kuamriwa iache. Kwa Sutherland kitendo ni uhalifu kikitimiza mambo mawili: sheria ikitaje kuwa kina madhara kwa jamii, na iweke adhabu. Paul Tappan, mwanasosholojia na mwanasheria, alimpinga mwaka 1947 akisema mhalifu ni aliyetiwa hatiani tu. Mtaje. Kisha onyesha kwamba hata kwa kipimo cha Tappan, karibu asilimia 60 ya kampuni zile zilishatiwa hatiani katika mahakama za jinai, wastani wa mara nne kila moja.

Udhaifu halisi uko kwingine. Fasili yake inamzungumzia mtu mwenye heshima na hadhi akiwa kazini, lakini alichohesabu ni kampuni. Ndiyo maana kuitafsiri dhana yake kuwa "wizi wa kalamu" si sahihi sana. Mwizi wa kalamu kwa kawaida ni mtumishi anayemwibia mwajiri kwa hati za uongo. Katika jedwali hili anayeumia zaidi ni mteja, mshindani au mfanyakazi.

Wasifu hauhitaji kurasa nyingi: alizaliwa Gibbon, Nebraska, 1883, shahada ya uzamivu Chicago, 1913, kitabu cha kiada, 1924, Indiana kuanzia 1935, hotuba ya Desemba 1939 huko Philadelphia, akiwa rais wa chama cha wanasosholojia wa Marekani, iliyoitangaza dhana hiyo.

Nadharia yake ya kwamba uhalifu hufunzwa ndiyo inayowaponza wengi. Katika kitabu chake cha kiada, toleo la 1939 lina vipengele saba, la 1947 lina tisa, andika mwaka. Usiifupishe kuwa "ukikaa na waridi utanukia": askari magereza wanashinda na wezi kutwa nzima. Kinachopimwa ni mitazamo inayohalalisha kuvunja sheria ikiizidi inayokataza. Jambo la kupendeza ni kwamba mwanasosholojia mwenzake Henry McKay alipomtajia "nadharia yako", Sutherland alimuuliza ni ipi, akaelekezwa kurasa za kitabu hichohicho chake cha kiada. Mwaka 1944 aliandika pia waraka wa kuikosoa nadharia hiyo, akitaja nafasi ya fursa. Wachache huusoma.

Ukitaka kuiga mbinu yake kwa tasnifu, funga orodha ya kampuni kabla ya kufungua hukumu yoyote. Hukumu za Tanzania utazipata kwenye tovuti ya TanzLII, za Kenya kwenye ya Kenya Law. Tengeneza safu tano: kampuni, mwaka, sheria iliyovunjwa, chombo kilichoamua, amri iliyotolewa. Kesi iliyokatiwa rufaa ihesabu mara moja, kwa uamuzi wa mwisho. Kampuni iliyobadili jina ifuatilie kwa namba ya usajili, la sivyo yenye makosa mengi itaonekana kama mbili zenye machache.